Fyuzi ya Taa za Urembo Garini



Ndugu wasomaji, mwezi huu nimeletewa barua ya mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Uingereza ambayo, kwa maoni yangu, inastahiki kujibiwa hadharani, kwani jambo alilolieleza limo katika nyumba nyingi zenye vijana. Mama huyo anasema kwamba mwanawe, aliyepata leseni hivi karibuni, amelitia gari la nyumbani taa za urembo za LED: kwanza vipande vinne vifupi vya miguuni, na baadaye utepe mrefu wa mita 5 uliozungushwa ndani ya buti kwa ajili ya harusi ya jamaa. Gari hilo ndilo linalowapeleka wadogo zake chuoni jioni, na ndilo linalompeleka mama mwenyewe kazini kwa zamu ya usiku. Tangu utepe wa buti uongezwe, taa huwaka kwa dakika moja au mbili kisha huzimika zote pamoja, na kila zikizimika fyuzi yake, ya ampea 5, huonekana imekatika. Sahibu wa kijana amemshauri atie ya ampea 20 ili mambo yaishe. Mama anauliza: je, amruhusu?

Jawabu langu ni la, na namwomba asimruhusu hata kwa usiku mmoja wa harusi. Lakini neno "la" peke yake halimtoshi kijana mwenye akili ya ufundi, ambaye amekwisha kuzifunga taa kwa mikono yake na zikawaka. Atataka sababu, na ana haki ya kupewa.

Watu wengi hudhani kwamba fyuzi imewekwa ili kuzilinda taa. Sivyo. Fyuzi imewekwa ili kuulinda waya. Taa ikiungua, hasara ni pauni chache. Waya ukiungua chini ya zulia la gari, huungua pamoja na zulia, na sponji ya kiti, na plastiki ya dashibodi, vitu ambavyo vyote hushika moto kwa urahisi na kutoa moshi wenye sumu. Fyuzi ni kipande cha madini kilichofanywa kwa makusudi kiwe ndicho kiungo dhaifu kuliko vyote katika njia ya umeme, ili mkondo ukizidi kiasi kiyeyuke chenyewe, mahali palipo salama, kabla waya haujapata moto. Ukikiondoa kiungo hicho dhaifu na kuweka chenye nguvu kuliko waya, basi waya wenyewe ndio unaokuwa fyuzi. Nao hautachagua mahali pa kukatikia.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunaijua tabia hii vyema. Katika nyumba za kale fyuzi zilikuwa za kigae, zenye uzi mwembamba wa kufungwa kwa bisibisi, na uzi ule ulipokatika na duka limefungwa, mtu alichomoa uzi wa shaba katika waya wowote akauweka badala yake. Madereva nao walikuwa na karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Taa ziliwaka, kweli. Ila tangu siku ile nyumba ile au gari lile halikuwa na fyuzi tena, lilikuwa na mfano wa fyuzi tu. Fyuzi ya ampea 20 katika waya mwembamba ni karatasi ile ile ya sigara, isipokuwa imevaa nguo ya plastiki ya manjano.

Kijana atasema: "Lakini mwalimu, hii ni volti 12 tu, haimrushi hata mtoto." Ni kweli kwamba volti 12 hazimrushi mtu, kwani ngozi kavu huzuia umeme mdogo kama huo. Ila moto hautokani na volti peke yake, hutokana na wingi wa mkondo, na betri ya gari ni hazina kubwa ya mkondo: kila asubuhi hutoa mamia ya ampea kuizungusha injini. Natufanye hesabu kidogo. Waya wa shaba wenye unene wa nusu milimita ya mraba una ukinzani wa yapata omu 0.034 kwa kila mita. Tuchukulie mita 4 za waya huo kutoka mbele hadi buti, kisha ncha yake ichubuke na kugusa bodi ya gari. Ukinzani wote ni omu 0.14 hivi, gawa volti 12 kwa hiyo, unapata mkondo wa ampea zinazokaribia 90, na joto linalotoka katika waya huo ni kama wati 1,000. Wati 1,000 ni hita ya umeme ya kuotea baridi, ya ukubwa ule tunaouweka sebuleni mwezi wa Januari. Sasa ifikirie hita hiyo imelazwa chini ya zulia, na watoto wameketi juu yake.

Katika shoti kubwa namna hiyo hata fyuzi ya 20 ingekatika upesi, nakubali. Hatari yake hasa imo katika shoti ndogo na mzigo uliozidi. Fyuzi za magari hazikatiki pale pale mkondo unapofikia namba iliyoandikwa. Zimefanywa kwa kipimo cha kimataifa kinachotaka fyuzi ibebe asilimia 110 ya namba yake kwa saa nyingi bila kukatika. Ikifika asilimia 135 inaruhusiwa kukawia hadi nusu saa. Ikifika mara mbili ya namba yake ndipo hukatika ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo fyuzi ya ampea 20 yaweza kuziachia ampea 27 zipite kwa dakika nyingi huku imetulia. Na nyaya nyembamba zinazokuja pamoja na taa hizi za mapambo, ambazo aghalabu ni theluthi moja ya milimita ya mraba au hata chini ya hapo, haziwezi kuzistahimili ampea 27 kwa muda huo. Gamba litalainika, kisha litayeyuka, kisha nyaya mbili zitagusana, na fyuzi bado haina habari.

Sasa tuitazame barua yenyewe, kwani mama ameandika jambo moja ambalo kwa fundi lina thamani kubwa: taa huwaka kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimika. Fyuzi inayokatika papo hapo swichi inapobonyezwa hueleza kwamba kuna shoti. Pahala fulani waya mzima umegusa bodi, na ukiitazama fyuzi hiyo utaona dirisha lake limepakwa weusi, kwa kuwa madini yameruka kwa kishindo. Fyuzi inayokawia kisha ikakatika hueleza kwamba mzigo ni mkubwa kuliko kiasi, na ukiitazama utaona pengo dogo tu katikati. Ni ishara mbili za maradhi mawili, na dawa zake ni mbali mbali. Kwa alivyoeleza mama, naona maradhi ni ya mzigo.

Hesabu inakubaliana na dalili. Tepe za LED zinazouzwa sana kwa mapambo, zile zenye taa 60 pana katika kila mita, hutumia wati 14.4 kwa mita, yaani ampea 1.2 kwa volti 12. Vipande vinne vya miguuni, tukichukulia kila kimoja ni sentimita 30, ni mita 1.2, na mkondo wake ni ampea 1.4 hivi. Fyuzi ya 5 iliibeba kazi hiyo bila ya taabu. Kisha likaja buti: mita 5, wati 72, ampea 6. Jumla ni ampea 7.4 katika fyuzi ya 5, karibu mara moja na nusu ya kiasi chake. Fyuzi hiyo haina ila yoyote. Imekuwa ikitimiza wajibu wake kila jioni, na kila jioni ikatukanwa.

Liko jambo jingine ambalo sanduku la taa halikulisema. Taa hizi zimepimwa kwa volti 12 kamili, ilhali injini ikiwaka, jenereta ya gari huupandisha umeme hadi kati ya volti 13.8 na 14.4. Wengine watadhani nyongeza ya moja ya tano katika volti huleta nyongeza ya moja ya tano katika mkondo. Kwa balbu za kale za uzi haikufika hata hapo, kwa sababu uzi ukipata moto huzidi kukinza. Kwa LED mambo ni kinyume: kila taa tatu zimefungwa mfululizo, nazo huzila karibu volti 9 au zaidi kabla ya kitu kingine, na kinachouzuia mkondo ni kile kizuizi kidogo kilichobakishiwa volti 3 hivi. Ukiongeza volti 2 juu, nyongeza karibu yote humwangukia yeye, na mkondo hupanda kwa kiasi kikubwa zaidi ya moja ya tano. Kwa hiyo usiiamini karatasi ya sanduku peke yake. Azima mita ya umeme yenye nafasi ya ampea 10, ifunge mfululizo katika waya, washa injini, washa taa kwa rangi nyeupe na mwanga wa juu kabisa ikiwa ni za kubadilika rangi, kisha usome. Namba hiyo ndiyo ya kufanyia kazi.

Ukiipata namba, kanuni ya mafundi ni kwamba mkondo wa kudumu usizidi robo tatu ya namba ya fyuzi. Tuseme vipande vya miguuni vimesoma ampea 2. Gawa kwa 0.75, unapata 2.7, na fyuzi iliyo juu yake ni ya 3. Hiyo ndiyo inayofaa. Si 5, ambayo ilikuwa kubwa kupita haja tangu mwanzo, wala si 2, ambayo ingekatika bila sababu ya haki. Kisha ulizwe waya: je, unaweza kubeba zaidi ya ampea 3 bila ya kupata moto? Nyaya za magari za gamba jembamba zinazouzwa nchini humu huhesabiwa kubeba ampea 11 kwa nusu milimita ya mraba, ampea 16.5 kwa milimita moja, na ampea 25 kwa milimita mbili. Zikifungwa kitita au kupitishwa chini ya zulia mtu apunguze. Fyuzi daima iwe juu ya mkondo wa taa na chini ya uwezo wa waya. Kama hakuna fyuzi inayoingia baina ya viwili hivyo, kosa si la fyuzi, ni la waya, na ubadilishwe waya. Tahadhari pia na zile nyaya za bei ya chini ambazo nje ni shaba na ndani ni aluminiamu. Zikikwaruzwa kwa kisu huonekana nyeupe, na uwezo wake ni mdogo kuliko wa shaba ya unene ule ule.

Fyuzi za siku hizi, zenye miguu miwili bapa, zimechukua nafasi ya zile za kigoroto cha kauri tulizozijua katika Volkswagen za kale, na zina rangi zinazofahamika dunia nzima. Ya 2 ni kijivu, ya 3 zambarau, ya 5 hudhurungi iliyopauka, ya 7.5 hudhurungi iliyokolea, ya 10 nyekundu, ya 15 buluu, ya 20 manjano, ya 25 haina rangi, ya 30 kijani. Ziko za kawaida na ziko ndogo zaidi, na magari mapya yana ndogo kuliko hizo. Chukua ya zamani mkononi unapokwenda dukani. Nunua katika duka la vipuri linaloaminika. Zile za mia moja kwa pauni mbili zimeonekana nyingine zisizokatika hata zikizidishiwa mara mbili, na fyuzi isiyokatika ni ghali kwa bei yoyote.

Wapi iwekwe? Hapa ndipo wengi wanapokosea hata walipochagua namba sahihi. Fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu, kwa upande wa taa. Waya ulio baina ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Mtu akivuta mita 4 kutoka kwenye betri hadi buti na kuiweka fyuzi huko buti, zile mita 4 ni ile hita niliyoitaja. Iwe karibu na betri kadiri iwezekanavyo, isizidi shibiri moja, na waya unapopenya katika ukuta wa chuma wa injini uvishwe mpira. Anayechukua umeme katika kisanduku cha fyuzi cha ndani atumie kile kipachiko chenye nafasi mbili, fyuzi ya asili chini na mpya juu, akipeleke upande unaopokea umeme, na asiguse kamwe nafasi ya mifuko ya hewa wala ya breki. Achague nafasi inayozimika ufunguo unapotolewa. Taa za ampea 2 zikisahauliwa kwa saa 10 hunywa ampea-saa 20, na betri ya gari la kawaida ina 50 au 60, ambazo baridi ya hapa huzipunguza. Mama atoke kwenye zamu alfajiri akute gari halina uhai.

Nirudi kwa kijana. Akitaka kubaki na buti yake, asitie mita 5 zote katika waya mmoja mwembamba. Aukate utepe mara mbili pale palipowekwa alama ya mkasi, mita 2.5 kila upande, na kila upande upimwe. Ukisoma ampea 3.7 au chini, upewe fyuzi yake ya 5. Miguuni ibaki na ya 3. Matawi hayo matatu yalishwe kwa waya mmoja mnene wa milimita mbili, wenye fyuzi ya 15 pale kwenye betri na rilei inayoamrishwa na ufunguo. Hapo fyuzi ya 15 ni halali, kwa kuwa waya wake unabeba 25, na kila tawi jembamba lina mlinzi wake pale linapoanzia. Na kila kiungo kibanwe kwa koleo lake au kitiwe risasi, kisha kivishwe mpira unaonywea kwa joto. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe wa gundi hulegea kwa mtikisiko wa gari, na kiungo kilicholegea hupata moto bila ya mkondo kuzidi hata kidogo. Maradhi hayo fyuzi hazioni, iwe ya 3 au ya 30.

Mimi binafsi ningemwambia aitoe buti. Harusi imekwisha, alhamdulillahi, na taa za miguuni zinatosha gari la watu wa nyumbani. Lakini hilo ni shauri la mzee, si la umeme, na kama kazi itafanywa kama nilivyoeleza sina hoja ya kumzuia.

Yapo mawili ambayo mama hakuyauliza. Sheria ya taa za magari ya mwaka 1989 ya nchi hii hairuhusu taa nyekundu kuonekana mbele, wala taa isiyokuwa nyekundu kuonekana nyuma ila zile zilizotajwa, kama za kurudi kinyumenyume, za kukatia kona na za kibao cha namba. Na buluu ya kumetameta ni ya magari ya dharura. Utepe wa buti unaomulika kupitia kioo cha nyuma huku gari linakwenda waweza kumsimamisha kijana mbele ya polisi, kwa hiyo uwake gari likiwa limesimama tu. La pili ni bima. Taa zilizoongezwa huhesabiwa kuwa ni mabadiliko ya gari, na makampuni mengi hutaka yaelezwe. Asiyeeleza huenda akakataliwa dai lake siku ya haja, hata kama ajali haikuhusiana na taa. Ampigie simu mwenye bima, aeleze, na aombe jawabu kwa maandishi.

Kwa usiku wa leo, kabla ya mita na koleo kupatikana, kijana autoe waya wa buti pale ulipoungwa, azifunge ncha zake mbali mbali, na arudishe fyuzi ya 5 hadi atakapopata ya 3. Kisha awaketishe wadogo zake nje, awashe taa za miguuni kwa robo saa injini ikinguruma, na apitishe kiganja juu ya waya wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Pale atakapohisi joto, pana kiungo cha kufanywa upya.

Mwezi ujao, inshaallah, nitajibu barua mbili kuhusu vipanuzi vya soketi na hita za vyumbani. Wenye maswali wayape kwa mhariri baada ya sala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.